Hadithi fupi yako ya kwanza: anza na mtu, funzo litajileta

Wengi wanaotaka kuandika hadithi huanza na funzo. Utasikia: nataka kuandika juu ya ufisadi, juu ya tamaa za vijana, juu ya wazazi wasiojali. Anakaa mezani, anaandika aya mbili za utangulizi, na ya tatu haiji. Haiji kwa sababu ufisadi hauna jina, hauvai nguo wala hauchelewi basi. Hakuna cha kusimulia.

Lawama nyingi naipeleka kwa insha za shule. Tumefundishwa kupewa methali na kutunga kisa kitakachodhihirisha maana yake, au kupewa sentensi ya mwisho na kuitafutia njia ya kuifikia. Kwa mtihani inafaa, maana mwalimu anasahihisha lugha. Msomaji wa hadithi hasahihishi. Anataka kujua kilichompata mtu, na akishahisi kwamba mtu huyo amewekwa pale ili kuthibitisha methali, anaacha kusoma.

Mwongozo huu ni wa hadithi fupi, yenye maneno kati ya 1,500 na 3,000. Kwa mwandiko wa kawaida hiyo ni kama kurasa sita hadi kumi na mbili za daftari kubwa. Usianze na riwaya. Najua unayo kichwani, tena ina sehemu tatu, lakini riwaya itakuchukua mwaka mzima kabla hujajua kama unaweza kumaliza kitu. Hadithi fupi itakujibu ndani ya wiki mbili.

Hatua ya kwanza: mtu, kazi yake, na anachokitaka leo

Andika vitu vitatu kwenye karatasi: jina la mtu, kazi anayoifanya, na kitu anachokitaka leo. Nasisitiza leo. "Anataka maisha mazuri" haiandikiki. "Anataka kitambaa kingine kabla ya kesho jioni" inaandikika, kwa sababu kesho jioni itafika na kitambaa kitakuwa kimepatikana au hakikupatikana.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Salehe ni fundi cherehani, anashonea kibarazani Ngamiani, mjini Tanga, kule kwenye barabara za namba. Alhamisi jioni umeme umekatika, kwa hiyo anapiga pasi ya mkaa. Anaunguza mgongo wa gauni la Bi Zuhura. Gauni lenyewe ni sare ya harusi ya Jumamosi. Vitenge vya sare vilinunuliwa Kariakoo kwa pamoja, vikagawiwa, na mwenye duka amesema ule mzigo umekwisha. Juu ya hayo, Bi Zuhura ndiye aliyemkopesha Salehe pesa za kununua cherehani.

Hakuna mahali nilipoandika "uaminifu" au "umaskini", lakini vyote viwili vimeshaingia kupitia kitambaa na deni.

Mtu wa namna hii unampata wapi? Katika kazi unayoijua. Kama mama yako aliuza vitumbua, unajua mambo ya vitumbua ambayo hakuna profesa anayeyajua: saa ya kuloweka mchele, mteja anayekopa kila siku na kulipa mwisho wa mwezi, chombo ambacho hakuna ruhusa ya kukigusa. Tumia hayo. Kama unataka kazi usiyoijua, nenda kakae na mwenye kazi nusu siku na umwulize maswali matatu. Kazi huwa nyingi siku gani? Mteja msumbufu hufanyaje? Na ni kosa gani likishatokea halirekebishiki?

Swali la tatu ndilo lenye hadithi ndani yake. Muulize dereva wa lori, mpiga picha za harusi, mkunga, fundi simu, mpishi wa pilau la watu mia tatu. Kila mmoja ana kosa lake lisilorekebishika, na atakusimulia kwa sauti ya chini kidogo. Sikiliza tu, usimkatize.

Hatua ya pili: fupisha muda, ziba njia rahisi

Sasa ziba kila njia rahisi ya kutokea. Salehe angeweza kukiri. Kwa nini hakiri? Kwa sababu ya deni la cherehani. Angeweza kununua kitambaa kingine. Hakuna, mzigo umekwisha. Angeweza kutia kiraka. Kitenge kina maua makubwa, kiraka kitaonekana kutoka upande wa pili wa barabara.

Ukishaziba njia tatu, mfungulie moja mbaya. Kitambaa cha sare kipo, tena hapo hapo mezani: ni cha Mama Rama, jirani yake Bi Zuhura, amekileta juzi ashonewe gauni lilelile. Mama Rama ni mwembamba. Kukiwa na mkasi mzuri na mkono mtulivu, kinaweza kutoka kipande cha mgongo na yeye bado akapata gauni, labda fupi kidogo, labda bila mikunjo ya pembeni. Na kila mtu nchini anajua mafundi wanavyosemwa kuhusu vipande vinavyobaki.

Hapo pana hadithi, kwa sababu pana uamuzi. Kabla ya kuandika lolote jaribu kuisema kwa sentensi moja: fulani anataka kitu fulani kabla ya saa fulani, lakini njia pekee iliyobaki inamgharimu kitu kingine. Sentensi yako ikihitaji "halafu miaka kumi baadaye", hiyo ni riwaya, iweke akiba. Ikihitaji watu zaidi ya wanne, punguza. Wengi wanaoanza huleta ukoo mzima: shangazi, mpwa wa shangazi, mwalimu mkuu, mchungaji. Kila anayeingia anataka kuelezwa, na ukimaliza kuwaeleza wote kurasa zimekwisha.

Hatua ya tatu: nani anasimulia, na kwa wakati gani

Una njia mbili za kweli. Ya kwanza, Salehe anasimulia mwenyewe: "Nililiunguza gauni la Bi Zuhura." Faida yake ni ukaribu, na unaweza kumruhusu ajitetee mpaka msomaji aanze kumshuku. Hasara ni kwamba haoni kinachotokea nyumbani kwa Bi Zuhura. Njia ya pili ni msimulizi wa nje anayemfuata Salehe peke yake, anaona anachokiona Salehe na kuingia moyoni mwake tu. Kwa anayeanza naipenda hii ya pili. Chochote utakachochagua, usiruke. Ukiingia moyoni mwa Salehe aya hii, usiingie moyoni mwa Mama Rama aya inayofuata.

Msimulizi wa nje ana tatizo moja katika Kiswahili ambalo halisemwi sana. Kiambishi chetu cha a- hakibagui mwanamume na mwanamke, wala hakibagui Salehe na Bi Zuhura. Andika "Alimwambia amletee kabla hajaondoka" na umpe mtu asome. Nani alimwambia nani? Nani anaondoka? Katika mazungumzo tunasaidiwa na macho na vidole, kwenye karatasi hatuna. Dawa ni kurudia jina bila aibu, au kutumia cheo na kazi: fundi, mama, yule mzee, binti. "Bi Zuhura alimtaka fundi amletee gauni kabla ya swala ya Ijumaa." Majina nayo yasifanane: ukiwa na Salehe, Salma na Salum kwenye hadithi moja, unamtesa msomaji bure.

Kuhusu nyakati, sikiliza bibi yeyote akisimulia na utapata somo lote. Hufungua kwa -li-, kisha hutembea kwa -ka-. "Umeme ulikatika saa kumi na moja jioni. Salehe akawasha mkaa, akaupepea kwa kipande cha boksi, akautia kwenye pasi." Mwendo upo. Linganisha na hii, ambayo naiona kila mara: "Salehe alikuwa akiwasha mkaa huku alikuwa akiupepea na alikuwa akiutia kwenye pasi." Amesimama palepale.

Lakini -ka- ikizidi nayo inachosha. Akaenda, akafika, akabisha, akafunguliwa, akaketi, akapewa chai. Vunja mnyororo kwa sentensi fupi isiyo na haraka, au kwa hali: "Chai ilikuwa ya baridi." Pia tumia hu- kwa mambo ya mazoea, ili msomaji ajue siku hii si kama nyingine: "Alhamisi wateja huja kuuliza tu. Ijumaa huja kuchukua." Na pale penye joto kabisa, mkasi ukiwa mkononi, unaweza kuhamia kwenye -na- na -me- kama wasimulizi wa mdomo wafanyavyo: "Salehe amekitandaza kitambaa cha Mama Rama. Chaki iko mkononi. Nje mtu anakohoa." Hamia mara moja katika hadithi nzima, kwa sababu unayoijua. Ukihamahama kila aya, msomaji atadhani umesahau sarufi, na mara nyingi atakuwa amedhani sawa.

Hatua ya nne: isimulie kwa mdomo kabla ya kuiandika

Mtu anayetoa hadithi barazani huanza kwa "Hadithi! Hadithi!" na kuitikiwa "Hadithi njoo!" Zaidi ya mapambo, hiyo ni njia ya kujua kama watu wapo. Mwandishi hana wa kumwitikia, kwa hiyo mtafute mmoja. Mwambie rafiki, mke, mume, abiria mwenzako: kuna fundi mmoja aliunguza gauni. Kisha endelea, huku simu ikirekodi kama mwenzako anaridhia.

Angalia mambo mawili. Wapi aliuliza "Ikawaje?" Hapo pana nguvu, usipapite haraka utakapoandika. Na wapi aliuliza "Sasa huyo Mama Rama ametokea wapi?" Hapo umemchelewesha mtu, inabidi aingie mapema, labda aya ya pili, akileta kitambaa chake na kulalamika kwamba sare ni ghali.

Simulia mara moja, au mbili kwa wasikilizaji tofauti. Ukisimulia zaidi utaichoka kabla hujaiandika.

Hatua ya tano: rasimu, hata kama ni mbaya

Huhitaji likizo wala chumba cha peke yako. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, kuanzia idara ya forodha, na vitabu vyake vingi akaviandika akiwa na ajira hiyo. Chagua saa moja ambayo watu hawakutafuti. Kwa wengi ni alfajiri, kwa wengine ni ndani ya daladala. Simu inatosha. Kama unaandika kwenye simu, jitumie nakala kwa barua pepe kila ukimaliza, maana simu huibiwa na kutumbukia majini. Kama ni daftari, andika upande mmoja wa karatasi ili upande wa pili ubaki kwa masahihisho.

Andika kutoka mwanzo hadi mwisho bila kurudi nyuma. Neno likikukimbia, piga mstari mtupu uendelee. Usifungue kamusi. Usimwonyeshe mtu. Rasimu ya kwanza ni ya kujua hadithi inakwenda wapi, na hakuna anayeidai iwe nzuri.

Mstari wa kwanza ndio unaowatesa wengi, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Mkono utataka kuandika hivi:

"Ilikuwa siku ya Alhamisi jioni. Jua lilikuwa likizama magharibi huku ndege wakirejea viotani mwao wakiimba nyimbo nzuri za kumsifu Muumba."

Ndege hao wamerejea viotani katika maelfu ya madaftari ya shule. Waache walale. Jaribu hivi:

"Gauni la Bi Zuhura liliungua mgongoni, mahali ambapo hata mtandio usingeweza kupafunika."

Sentensi moja, na tayari tuna mtu, kitu na balaa, na tunajua kuna mtu ameshawaza kuhusu mtandio, yaani ameshaanza kutafuta namna ya kuficha. Jua na ndege havikatazwi, ila viwe na kazi. Kama ni masika na mkaa umelowa, mvua iandike, maana ndiyo iliyomfanya Salehe aupepee sana mpaka pasi ikapata moto kupita kiasi.

Sifa za watu nazo zitataka kutoka kwenye ghala la shule: binti mrembo kama hurulaini, meno meupe kama theluji, shingo ya twiga. Meno meupe kama theluji yameandikwa na watu ambao theluji yao yote ni ile ya Kilimanjaro inayoonekana kwa mbali asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Mwache Bi Zuhura awe mwanamke anayehesabu chenji mara mbili na kukunja noti kwenye pindo la kanga. Inatosha, tumemwona.

Hatua ya sita: waache waongee, lakini wasiseme yote

Mazungumzo ya anayeanza huwa mahojiano: mmoja anauliza, mwingine anajibu, kila jibu ni kamili na la kweli. Watu hatuongei hivyo, hasa tukiwa na jambo la kuficha. Angalia Ijumaa asubuhi, Bi Zuhura amepita kibarazani:

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Nimepita tu, sikuja kudai nguo."

"Nguo ipo."

"Ipo wapi? Mbona siioni ilipotundikwa?"

"Nimeikunja. Vumbi."

"Vumbi, na mvua hii?"

Hakuna aliyesema gauni limeungua. Hakuna aliyesema "nakushuku". Lakini uongo umeshikwa mkia, na Salehe anajua kwamba umeshikwa. Unapoandika mazungumzo jiulize kila mmoja anaficha nini, kisha mwache aongee pembeni ya hicho kitu.

Salamu ziangalie kwa makini. Mtu akimkuta mwingine kwetu anaweza kumaliza dakika tatu kwa habari za nyumbani, watoto hawajambo, za tangu juzi. Ukiziandika zote hadithi inalala. Nyingi zifupishe kwa sentensi moja: "Wakasalimiana." Bakisha zile zenye kazi. Hapa shikamoo imebaki kwa sababu Jumamosi Salehe ataitoa tena, na safari hiyo marahaba isipokuja, msomaji atasikia ukimya wake bila wewe kuongeza neno.

Lugha ya kila mtu iwe yake. Kondakta akisema "Ndugu abiria, naomba unipatie nauli yako tafadhali", umemgeuza kuwa mtangazaji wa taarifa ya habari. Bibi wa Mombasa hasemi kama kijana wa Kinondoni, na Kiswahili cha Lubumbashi kina njia zake. Andika unachokijua kwa sikio. Kama Kimvita unakijua kwa kukisoma tu, usimtie mtu mdomoni, mwenyeji atakushika sentensi ya kwanza. Maneno ya mtaani nayo ni kama chumvi, mawili matatu yanatosha kutuonyesha kijana anatoka wapi. Yakijaa, baada ya miaka mitano hakuna atakayeyaelewa, pengine na wewe.

Mambo madogo ya ukurasani: kila anayeanza kuongea apewe mstari mpya, maneno yake yaingie ndani ya alama za kunukuu, na "alisema" inatosha. Alinena, alitamka, alighadhibika kwa kusema, hizo zinavuta macho kwa mwandishi.

Hatua ya saba: mwisho

Kuna miisho miwili ya kukataa moja kwa moja. Wa kwanza: "Kumbe ilikuwa ndoto." Msomaji amekupa dakika ishirini za maisha yake, usimwambie hakuna kilichotokea. Wa pili ni ule wa methali: Salehe anakamatwa, anaaibishwa, anaketi chini na kukumbuka kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hapo umemnyang'anya msomaji kazi yake.

Mwisho mzuri huja mara tu uamuzi ulipokwisha na bei yake ikaonekana. Tuseme Salehe amekata. Gauni la Bi Zuhura limepona. Ijumaa usiku Mama Rama anakuja kulijaribu la kwake, anasimama mbele ya kioo kidogo, analivuta chini, halivutiki. "Fundi, mbona limenipanda?" Salehe anaweza kusema kitambaa kilikuwa pungufu, na kumwachia Mama Rama aamini kwamba kamati ya sare ndiyo iliyompunja. Kamati hiyo mwenyekiti wake ni Bi Zuhura. Ukimwacha Mama Rama atoke na gauni lake akiwa anaelekea huko kwenda kuuliza, unaweza kusimama. Jumamosi na ile salamu isiyojibiwa unaweza kuziweka, au kumwachia msomaji azione mwenyewe. Jaribu zote mbili. Mimi ningesimama Ijumaa, lakini najua watu wenye akili ambao wangeenda mpaka harusini.

Ukijikuta umeandika aya moja baada ya mwisho kueleza maana yake, ifute. Karibu kila rasimu ya kwanza ina aya hiyo.

Hatua ya nane: kukata na kusahihisha

Iweke siku kadhaa. Kisha isome kwa sauti, kweli kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa kama unaona haya. Ulimi ukikwama, sentensi ni ndefu. Ukiona unaharakisha, umechoka mwenyewe, na msomaji atachoka zaidi. Ondoa "ghafla bin vuu", ondoa "kwa hakika", ondoa "mara tu alipokuwa amekwisha kufika". Ukiona sifa mbili zinazofuatana, bakisha moja.

Angalia hesabu. Umeme ulikatika saa kumi na moja jioni, basi mwanga wa kushonea ulitoka wapi saa mbili usiku? Tumia saa zetu mwanzo hadi mwisho, usichanganye na za kwenye simu. Nauli na bei ziwe za mwaka unaouandika. Kisha tahajia: l na r zisibadilishane nafasi, h isidondoke mwanzoni mwa maneno. Msomaji atasamehe neno geni, lakini mhusika anayekwenda "kura wali" anaharibu kilio chochote. Neno likikutia shaka, Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA itakusaidia.

Halafu wape watu wawili: mmoja anayesoma sana, mwingine asiyesoma hadithi kabisa. Usiwaulize "Ni nzuri?" Adabu yetu itawafanya wajibu "Nzuri sana, hongera." Waulize: Ulichoka wapi? Ulipofika pale kwenye mkasi, ulidhani atafanya nini? Nani hukumwelewa? Wakikueleza namna ya kurekebisha, sikiliza kwa heshima na usiifuate sana. Wakikuonyesha palipowakwama, waamini.

Wapi pa kuipeleka

Usikimbilie tuzo kwanza. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa tangu mwaka 2023, na ile ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, zinajulikana zaidi kwa miswada mizima kuliko kwa hadithi moja ya kurasa nane. Ni malengo mazuri ukishakuwa na rundo. Ukifika huko soma masharti mara mbili: idadi ya maneno, namna ya kutuma, na kama jina lako linaruhusiwa kuonekana kwenye mswada. Si jambo la ajabu kazi nzuri kuachwa kwa sababu mwandishi hakusoma ukurasa wa masharti.

Kwa hadithi ya kwanza, wasomaji wako wapo karibu zaidi. Wako waandishi wanaotoa hadithi zao kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp, na baadhi huuza sehemu zinazofuata kwa malipo ya simu. Ni mtindo uleule wa magazeti, ukiishia kwa "Itaendelea". Ukiufuata, kata kipande pale Salehe anapotandaza kitambaa cha Mama Rama, wala usikate pale ambapo tayari amekata. Weka jina lako kwenye kila kipande, maana vikisambazwa ndilo linalodondoka kwanza. Hakimiliki ni yako tangu ulipoiandika, lakini ni vigumu kumdai mtu kitu kisicho na jina.

Na kama kuna fundi wa kweli aliyekusimulia siri ya pasi yake, mbadilishie mtaa, jina na aina ya kitambaa kabla hujatuma popote. Wateja wake nao wana simu.